Baba Mkwe na Ukuta wa Makaa

Mimi ni mtu wa Dodoma na kazi yangu ni maji. Watu wa Tukuyu, ambako mvua haikatiki, wakisikia kwamba maji wamefuata fundi kwenye ukame hucheka hadi wanakohoa. Mgodi wa makaa ya mawe uliniajiri nikadirie kwa modeli ya kompyuta ni wapi maji ya ardhini yataingia, na kwa nguvu gani, ili yazuiwe mapema.

Niliolewa kijijini Mpuguso, karibu na Tukuyu, na mama mkwe akanipa sheria moja: nisionane na baba mkwe wala nisiseme naye. Nikimwona njiani, nijitose migombani. Naye akiniona, ageuze uso. Ni heshima ya Wanyakyusa. Familia nyingi zimeilegeza, ila ya kwetu imeing'ang'ania. Tatizo ni kwamba baba mkwe alikuwa msimamizi wa zamu mgodini, na chini ya ardhi hakuna migomba. Basi tukaugawana mgodi: yeye akiwa chini, mimi nabaki juu na kompyuta yangu.

Modeli ikaonyesha kwamba ukuta wa makaa uliobaki kati ya handaki la zamu yake na machimbo ya zamani yaliyojaa maji ulikuwa mwembamba mno. Nilichopendekeza hakikuwa kigeni: fungeni kwanza bomba lenye koki ukutani, mtoboe kupitia humo tundu refu jembamba, maji yatoke kwa adabu na kuvutwa na pampu, ndipo mkate. Kikaoni meneja alizisifu sana rangi za modeli yangu. Akauliza kama ile bluu ya maji haiwezi kuwa kijani, kwa kuwa kuna wageni wakubwa wanakuja na bluu inatia hofu. Ofisa uzalishaji akasema modeli ni maoni ya mashine, na mashine yenyewe haijawahi kushuka mgodini. Yeye pia hakuwa mshukaji sana. Wakakubaliana ukuta ukatwe kesho yake asubuhi.

Nikamtuma mume wangu akamwonye baba yake. Akarudi akasema baba anashukuru kwa salamu. Nilikasirika, kisha nikaogopa. Nilimpenda yule mzee ambaye uso wake sikuujua vizuri, aliyenitumia maziwa kila alipokamua.

Asubuhi nikavaa kofia na buti, nikaitangulia zamu, nikaketi juu ya sanduku la vifaa mbele ya ukuta ule. Njia ya kufika pale ni moja tu. Mzee alipoona ni mimi, aligeuka akatazama pembeni mwa handaki, akasimama hapo hapo. Wachimbaji wakapanga foleni nyuma yake, maana hakuna ambaye angempita mzee bila ruhusa.

Meneja akashuka mwenyewe, na viatu vyake vya kikaoni. Akaniamuru nitoke. Nikamjibu kwamba niko tayari, ila njia inapita kwa baba mkwe, na mila hainiruhusu.

"Mzee, mwambie mkweo aondoke," meneja akasema.

"Siruhusiwi kusema naye, bosi. Mwulize wewe anataka nini."

"Anataka tundu."

"Basi tutoboe tundu, tumalize."

Meneja aliangalia foleni, akaangalia saa, akajibanza pembeni awapishe. Mzee akawaruhusu wachimbaji wawili wapite na mashine ya kutobolea. Nikasogea kando, naye akawaelekeza kwa sauti huku amenipa kisogo. Walifunga bomba kwanza, kisha wakaanza kutoboa. Hawakuwa wamefika mbali maji yaliporuka kwa kishindo na kumlowesha meneja hadi tai. Ilibidi watu watatu waning'inie kwenye koki ndipo ikafungika.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa anapima tundu lile dogo, kisha anapima ukuta mzima ambao wangekuwa wameukata wakati ule.

Mzee hakugeuka. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, akasema huku akitazama mawe.

"Ndaga, mwanangu."

Ni asante ya kwao, na lilikuwa neno lake la kwanza kwangu. Mila haikuniruhusu kumjibu, na hata ingeniruhusu nisingeweza, kwa sababu nilikuwa nalia.