Nyaboke Ajifunza Kulizima Gari Lisilo na Dereva

Saa moja asubuhi, jua la Doha limeshaanza kuchoma, na Nyaboke amesimama kando ya gari jeupe asilotaka kulikaribia. Kiti cha dereva ni kitupu. Injini haisikiki. Hajui kama limezimwa au linangoja tu.

"Mama Cheryl, nakufa huku!" Laban anapiga kelele kutoka kiti cha nyuma. Ni Mkenya mwenzake wa kazini, na leo anaigiza majeruhi. "Ama umekuja kunipiga picha?"

"Nyamaza, wewe umezimia," Nyaboke anamjibu. Wenzao wanacheka. Yeye hacheki.

Katika uwanja huu wa mazoezi karibu na Industrial Area, eneo la viwanda, mhudumu huyu wa ambulensi mwenye umri wa miaka 36 anarudia jaribio aliloshindwa wiki iliyopita. Akishindwa tena, ataondolewa kwenye ambulensi na kupelekwa stoo ya dawa.

"Si stoo ninayoogopa," anasema. "Naogopa siku kutakuwa na mtoto ndani, na miguu yangu igome."

Wiki iliyopita alifanya alichozoea tangu alipokuwa nesi Kisii. Alimkimbilia majeruhi, akaingiza mkono dirishani, akamshika bega. "Pole, pole sana." Kumbe gari lilikuwa limesimama kwa sababu yeye alikuwa mbele yake. Alipohamia ubavuni, likaona njia ni nyeupe. Likaondoka kimya, mkono wake ungali ndani, likamkokota hadi mkufunzi, Bradley, alipolizima kwa rimoti.

"Dereva utamtazama usoni ujue amechanganyikiwa," Nyaboke anasema. "Hili, utalitazama wapi?"

Tangu siku hiyo, kila anapovuka barabara mtaani Al Sadd, hutafuta kwanza uso nyuma ya usukani. Vioo vikiwa vyeusi, hurudi nyuma.

"Anza," Bradley anaamuru.

Nyaboke anapita ubavuni, anapiga magoti, anasukuma kabari mbele na nyuma ya gurudumu. Anabonyeza kitufe mlangoni na kumwomba msimamizi wa gari, aliye ofisini mbali, alizime.

"Uuuwi! Hata pole hakuna?" Laban analia.

Pole imemfika kooni. Anaimeza. Hatimaye sauti ya ofisini inajibu: limezimwa. Anakata umeme wa betri, anangoja taa zife, ndipo anafungua mlango.

"Pole, Laban." Anamshika bega.

Laban ameacha mzaha. "Asante, sista."

Bradley anainua dole gumba. Amefaulu.

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, anapanga kwenda kuwafundisha walinzi Wakenya na Waganda katika mabweni yao, kwa Kiswahili. Ajali ikitokea kwenye mageti wanayolinda, wao ndio watakaofika kabla ya ambulensi.

"Watamkimbilia mtu, vile nilivyofanya," anasema.

Laban ameahidi kwenda naye kuigiza majeruhi.

"Na utalia vilevile," Nyaboke anamwambia. "Nataka wakusikie ukilia, na bado waanze na magurudumu."