Mama Brashi Ajilaza Sakafuni

Kwa miaka thelathini na sita Mama Brashi alipaka rangi dari za watu, kasimama juu ya ngazi, kopo likining'inia pembeni, wala hakuanguka hata mara moja. Kilichokuja kumwangusha ni kandambili iliyolowa, mlangoni mwa bafu lake mwenyewe, akiwa na miaka sabini na mbili. Hakuvunjika mfupa. Alishindwa tu kuinuka, akalala juu ya vigae tangu asubuhi mpaka saa saba mchana, macho darini, akiona jinsi fundi aliyempa kazi ya kuipaka dari hiyo alivyoilipua.

Binti yake, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyemkuta na kumwinua, na tangu hapo hakumpa nafasi ya kupumua. Kwenda bafuni, kushikwa mkono. Kuchukua maji, "Kaa, mama, nakuletea." Miezi minne ya kukaa ikamlegeza miguu kuliko anguko lenyewe. Hata kuvuka sebule, moyo ulimwenda mbio.

"Jumatatu anakuja dada wa kushinda na wewe," binti akasema.

"Wa kunilinda? Kwani nitaibwa?"

"Ukianguka tena, nani atakuinua?"

Swali hilo lilimkaa rohoni. Akaona kwamba hofu yake haikuwa kuanguka, ilikuwa kubaki chini. Basi kuinuka ni kazi, na kazi hufunzwa. Kwenye ngazi alikuwa na sharti lake: mikono miwili na miguu miwili, husogezi kimoja mpaka vitatu vishike.

Asubuhi iliyofuata, binti alipotoka, alitandika turubai lake la kazi sebuleni, akajilaza kwa makusudi. Siku ya kwanza alihangaika karibu saa nzima ndipo akainuka. Siku ya tatu binti alisahau madaftari, akarudi, akamkuta chini. Mkoba ukamponyoka.

"Sijaanguka," Mama Brashi akasema. "Nimelala. Usinishike."

"Mama, tafadhali."

"Mikono nyuma, mwalimu."

Akageuka ubavu. Akaegemea kiwiko, akapiga magoti, akashika kiti.

"Unatetemeka."

"Hata ngazi ya kwanza niliipanda natetemeka. Dari ilipakwa."

Goti moja likanyanyuka. Akapumzika, akajisukuma, akasimama wima, nywele zimejaa vumbi la rangi kavu. Binti alikuwa bado ameficha mikono mgongoni, machozi yanamtoka.

"Huyo dada wa Jumatatu mwambie asije," mama akasema, akihema. "Au aje, nimfundishe kuanguka."