Kumbe Nina Kura, na Sasa Naogopa Kuipiga

Admin, assalamu alaikum. Nifichie jina na kijiji, maana huku kwetu tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, muuguzi msimamizi wa zahanati ndogo upande wa Msambweni. Nimeolewa papa hapa kijijini, nina binti mmoja. Kwa kuwa ndimi msimamizi, wadhifa wangu unaniingiza moja kwa moja kwenye kamati ya zahanati; wenzangu walichaguliwa na wanakijiji. Mwenyekiti ni ami yake mume wangu, ndiye aliyemlea alipofiwa na babake. Tangu nianze kazi ananiambia mimi ni mjumbe wa cheo tu, nieleze hali ya wagonjwa, kura niwaachie waliochaguliwa. Kwa heshima niliitika.

Mwezi uliopita alileta hoja kwamba chumba cha kuzalia apewe mwanawe afungue duka la dawa, na waja wazito waende hospitali ya Msambweni. Njia yetu mvua ikinyesha hata bodaboda hukwama. Nimewahi kumzalisha mama kando ya njia hiyo, na mtoto hatukumpata. Kura ziligawanyika sawa kwa sawa, ya mwenyekiti ikiwemo. Ndipo bibi mmoja mjumbe akauliza, "Na huyu dakta, mbona hapigi?"

Mwenyekiti akaahirisha mkutano palepale.

Nilimpigia simu afisa anayesimamia kamati hizi. Akanieleza kwamba aliyeingia kwa wadhifa ni mjumbe kamili kama wengine, ila pale kanuni za kamati zinapomnyima kura, na zetu hazimnyimi. Wallahi, nilitamani angeniambia sina.

Habari zilimfikia ami. Alikuja nyumbani, akanywa chai, akamuulizia binti yangu. Alipoinuka kuondoka akasema kwa upole, "Mwanangu, hii nyumba yenu imesimama kwenye shamba la nani?"

Shamba ni lake.

Juzi mwendesha bodaboda nisiyemjua alimleta binti yangu kutoka shule. Sikuwa nimemtuma mtu. Nilipomuuliza katumwa na nani, alisema tu nisiwe na wasiwasi, shule anaijua na njia yetu anaijua. Tangu hapo namsindikiza mtoto mwenyewe. Sina uhakika kama ami anahusika. Mume wangu anasema hawezi kumuuliza mtu aliyemlea swali kama hilo. Ameniomba jambo moja tu: "Siku ya mkutano, ugua."

Mkutano ni Jumamosi. Nikienda nikapiga kura, chumba kitabaki, lakini sisi sijui tutabaki wapi. Nisipokwenda, kura zitalingana tena, na mwenyekiti amekwisha kusema kwamba hapo neno la mwisho ni lake.

Leo asubuhi mjamzito mmoja aliniuliza aje kwetu na kanga zake, au aanze kutafuta mtu wa kumpeleka Msambweni. Nilimwambia nitamjibu wiki ijayo. Ndugu zangu, nishaurini, nimjibu nini?