Kompyuta Isiyopumua

Stumai Ntandu alichambua kahawa kwa miaka kumi na mmoja katika shamba moja kubwa la Oldeani, na kazi hiyo ilimwachia mambo mawili: maumivu ya shingo, na tabia ya kutoamini gunia lolote kabla halijamwagwa mezani. Wanawake walikaa pande mbili za meza ndefu, punje zikiwa katikati, kila mmoja akitoa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na zile zilizochacha ambazo jicho huziona nzima lakini pua huzijua. Msimamizi alikuwa akisema kwamba punje moja iliyochacha huharibu birika zima. Stumai aliliandika hilo kwenye daftari. Karibu kila kitu alikiandika kwenye daftari.

Alipofika miaka arobaini aliacha kahawa, akahamia Karatu mjini, akapanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, akaanza kurekodi kwaya. Kazi hiyo alijifunza kanisani kwake, ambako kila mtu alitaka kuimba na hakuna aliyetaka kushika waya. Ukutani aliegemeza magodoro manne ili sauti isirudi. Mashine ya kusaga ilinguruma mpaka saa nane mchana, kwa hiyo kwaya zote zilizorekodiwa kwake ziliimba baada ya chakula, na wenye masikio husema besi zao zina usingizi.

Kompyuta yake ilikuwa ya mezani, kuukuu, na feni yake ilikuwa na sauti ya mtu anayepuliza uji. Vinanda na ngoma viliifunika sauti hiyo. Isipofunikwa, Stumai alikuwa na programu ya kusafisha: unaionyesha mvumo, nayo inauondoa. Kuiweka kompyuta nje ya mlango alishajaribu; ilirudi na vumbi jekundu la Karatu hadi tumboni, ikapuliza uji mzito zaidi. Basi akawa anasafisha. Kwa miaka sita hakuna aliyelalamika.

Kisha wakaja akina mama wa Malambo.

Walikuwa kumi na wawili, wamekuja kwenye mnada wa kila mwezi, na kiongozi wao alikuwa Nalangu, mama mrefu asiyeinua sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Waliimba nyimbo nne bila ngoma. Walipoimba, mabega yalipanda na kushuka, na shanga pana za shingoni ziliruka na kutua, cha, cha, cha, kwa pamoja. Stumai alirekodi, akasafisha kama alivyozoea, akasubiri waje kusikiliza mnada uliofuata.

Nalangu alikuja, akavaa hedifoni juu ya hereni zake kwa shida, akasikiliza nyimbo zote nne bila kupepesa. Akazivua.

"Nani ametuvua nguo?"

"Nguo gani, Yeyo?" Stumai alimwita mama kwa Kimaasai, kama heshima ilivyodai.

"Shanga. Humu tunaimba uchi."

Stumai alisikiliza mwenyewe. Ilikuwa kweli. Programu haikujua tofauti kati ya mvumo wa feni na mlio wa shanga. Kwake yote yalikuwa makapi, na yote iliyapepeta. Akairudisha rekodi ya mwanzo, ile isiyosafishwa. Shanga zilirudi, na uji ukarudi nazo.

"Na huyu ni nani?" Nalangu akauliza.

"Ni kompyuta, Yeyo. Inapumua."

"Mpeleke hospitali." Akasimama, akajitanda shuka lake. "Tutaimba tena mnada wa mwezi ujao. Tukiwa uchi tena, tunakwenda Arusha kwa yule kijana."

Stumai alimjua yule kijana, naye alirekodi waimbaji. Huyo aliweka ngoma ya kinanda chini ya kila kitu, hata nyimbo za msiba. Kwake shanga zisingevuliwa, zingezikwa. Na wengine wa Malambo wangefuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa Nalangu akipita mahali, huwa pamekuwa barabara.

Siku hiyo Stumai aliamua kutafuta kompyuta isiyopumua, akachora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande mmoja aliandika *Kununua*, upande wa pili *Kujenga*. Akaenda dukani kwa Noel, aliyeuza kompyuta kando ya barabara kuu.

"Dada Stumai, karibu. Unataka ya nguvu gani?"

"Iwashe hiyo. Halafu zima redio."

Noel alizima redio.

"Na feni ya darini."

Akaizima. Stumai aliinama, akaweka sikio ubavuni mwa kompyuta, akakaa hivyo dakika nzima.

"Watu huja hapa kuuliza spidi," Noel akasema. "Wewe unaisikiliza kama mkunga."

"Inapuliza."

"Basi cheki hii ya gemu, dada. Chuma! Inawaka taa rangi saba."

"Taa zinapunguza kelele?"

"Zinapendeza."

Hiyo ilivuma kuliko ya kwanza. Stumai alisogea kwenye ya tatu, akainama, akatulia. Uso wake ulilainika kidogo.

"Hii ndiyo."

"Hiyo sijaiwasha," Noel akasema.

Aliomba afunguliwe moja aone feni yake. Noel alimwonyesha stika ndogo kwenye ukingo wa kasha. "Nikikata hii, garantii imekufa, dada. Ila ukinunua unaondoka nayo leo, na una mwaka mzima. Ikiharibika, nakupa nyingine."

"Na ikipiga kelele?"

"Kelele siyo kuharibika."

Stumai aliandika sentensi hiyo kama ilivyotamkwa, akaaga.

Upande wa pili wa ukurasa ulikuwa wa Isaya, fundi redio mzee aliyehamia kwenye kompyuta baada ya watu kuacha kusikiliza redio. Yeye hakuhitaji kushawishiwa.

"Jenga, mdogo wangu. Ya dukani imejengwa na mtu asiyejua unaishi nyuma ya mashine ya kusaga."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki moja."

Juu ya rafu kulikuwa na redio ya katekista, imefungwa kwa kamba, na Stumai aliijua. Ililetwa wakati katekista bado ana nywele. Isaya alifuata macho yake.

"Hiyo ni habari nyingine. Hiyo inasubiri kifaa."

"Yangu itasubiri nini?"

Isaya akahesabu kwa vidole. "Vifaa vitano."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Gharama, akijumlisha, zilikaribiana. Ya Noel ilikuwa na uhakika wa siku na haikuwa na uhakika wa sauti. Ya Isaya ilikuwa kinyume chake, na zilibaki wiki nne tu kabla ya mnada. Stumai alitembea mpaka nyumbani, akala, akaosha sahani, akaangalia ukurasa. Ya dukani ni gunia lililoshonwa, aliwaza. Unaambiwa ni kahawa nzuri, na ukitaka kulimwaga unaambiwa ukilifungua ni lako. Maisha yake yote hakuwahi kupokea gunia la hivyo.

Alirudi kwa Isaya asubuhi. "Tunajenga. Lakini mezani kwangu, siyo hapa."

"Huniamini?"

"Naamini mikono yako. Siamini rafu yako."

Vifaa vilikuja kwa basi kutoka Arusha, kimoja kimoja: kasha pana, bodi pamoja na prosesa yake, pawa saplai, diski ya aina isiyozunguka, na feni kubwa kama sahani ya wali. Isaya alimweleza kwamba feni ndogo hupiga kelele kwa sababu hukimbia, kubwa hutembea. Stumai alitandaza shuka jeupe, akavipanga, akavichambua. Feni aliizungusha kwa kidole karibu na sikio lake. Akaizungusha tena.

"Hii imechacha."

"Inazunguka vizuri!"

"Sikiliza. Kila mzunguko inagonga mara moja."

Isaya alisikiliza, akasema hasikii kitu, akasema pia kwamba ana miaka sitini na mbili. Feni ikarudi Arusha. Nyingine ilifika siku tatu kabla ya mnada, na kwa siku zile za kusubiri Stumai alipita mara mbili mbele ya duka la Noel bila kugeuza shingo.

Walifunga kila kitu mchana mmoja, Isaya akielekeza, Stumai akichomeka, kwa kuwa alikataa mtu mwingine achomeke. Wakawasha. Hakuna kilichosikika. Stumai aliandika: *Kimya kabisa*, akapiga mstari chini yake. Baada ya dakika chache kompyuta ikajizima.

Isaya alichungulia ndani kwa tochi. "Feni hukuichomeka."

Stumai alifuta maneno yale mawili. Alipoichomeka, ilibidi aingize kichwa ndani ya kasha ndipo asikie kitu, kama mtu anayefunua Biblia chumba cha pili. Akaandika hivyo.

Siku ya mnada, mashine ya kusaga iliponyamaza, akina mama waliingia na kusimama nusu duara kati ya magodoro. Stumai aliweka maikrofoni, akabonyeza, akawapa ishara ya mkono. Hakuna aliyeimba.

"Imezimika," Nalangu akasema.

"Imewaka, Yeyo."

"Ile ya kwanza ilikuwa inapumua. Hii imekufa. Hatumwimbii maiti."

Kioo kilikuwa kimewaka, lakini Nalangu aliwahi kuona televisheni nyingi zilizowaka bila maana. Stumai akasogea. Akamshika mkono, akauweka nyuma ya kasha, mahali hewa inapotokea. Nalangu aliuacha pale muda mrefu, kama anayempima ndama wa siku moja.

"Ana joto," akawatangazia wenzake, kisha akawaeleza kwa Kimaasai kwa maneno mengi zaidi. Wakacheka. Wakaimba.

Nyimbo nne zilikwisha kabla chai haijapoa. Nalangu akavaa hedifoni. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kwenye wa tatu akainua kidole.

"Nani anakwaruza?"

Stumai akasikiliza. Chini ya sauti kumi na mbili, kando ya shanga, kulikuwa na mkwaruzo mdogo: kra, kra, kra. Ilimchukua muda kuelewa. Akatazama mkono wake.

"Ni mimi, Yeyo. Wimbo huu niliuandika mkiwa mnaimba."

"Ulikuwa unaandika siku ile ya kwanza?"

"Ndiyo. Haikusikika."

"Sasa inasikika." Nalangu hakuonekana kukasirika. "Na haifuati. Sisi tunakwenda huku, wewe unakwenda huko."

"Naweza kusafisha."

Alipolitamka neno hilo tu, wanawake wote waliokuwa wanajua Kiswahili walimtazama.

"Tutarudia," Stumai akasema.

Wakaurudia wimbo wa tatu. Stumai aliketi na mikono mapajani, kalamu juu ya daftari lililofungwa, na kwa mara ya kwanza tangu shule ya sekondari kitu kilitokea mbele yake bila kuandikwa. Mabega yalipanda, yakashuka.

Nalangu akasikiliza tena mpaka mwisho. Akavua hedifoni, akazirekebisha hereni zake, akagusa shanga za shingoni kwa vidole viwili, kama anayehakiki.

"Tupo," akasema.

Wakaondoka kwenda kununua sukari kabla gari la Malambo halijajaa. Stumai alifungua daftari. Aliandika tarehe, wimbo wa kwanza, wa pili na wa nne, na maelezo ya kila mmoja. Mbele ya wa tatu aliacha nafasi wazi.