Tetea Wangu Hakwenda kwa Mchongaji

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama mbele ya wakubwa zangu nikasema sitoi, na mpaka leo sijajuta.

Nilikuwa bado mke mgeni Butiama, natokea kwetu Mugeta. Kigango chetu kilitaka sanamu ya Bikira Maria, na kila nyumba ilitakiwa kutoa kuku wa kumlipa mchongaji. Mchongaji aliyechaguliwa aliitwa Magesa, wa Musoma mjini. Mkono wake ulikuwa na kipaji, sitamnyima sifa yake. Uso akiuchonga yeye, ungedhani utakuita jina.

Ila mimi nilikuwaga naenda Mugango kufuata dagaa. Huko nilimkuta Bibi Nyangeta, mama mzazi wa Magesa, anaanika dagaa za watu, analala stoo kwenye magunia. Mwanawe alimtoa nyumbani kwake kwa sababu wageni walikuwa wanakicheka kiko cha tumbaku alichovuta bibi huyo. "Usimseme vibaya mwanangu," aliniambia. Mama ni mama.

Basi kwenye mkutano nikayasema yote. Katekista, mzee niliyemheshimu kama baba, akanijibu taratibu, "Binti yangu, tunanunua sanamu, hatununui tabia ya mtu. Kizuri chajiuza."

"Tabia yake hatuinunui, baba, ila tunailisha," nikasema. "Anamchonga Mama wa Mungu, mama yake analala kwenye magunia, na sisi tumpelekee kuku?"

Mama mkwe alinivuta kanga nikae. Sikukaa.

Sanamu waliinunua. Tetea wangu nikambeba kwenye kapu mpaka Mugango, nikampa Bibi Nyangeta.

Magesa alipokuja kuisimika, alinifuata uwanjani. "Utapiga magoti mbele ya kazi yangu, upende usipende."

"Nitampigia Mungu magoti," nikamwambia. "Wewe kapige magoti Mugango."

Hakwenda. Bibi alikula mayai ya tetea yule mpaka alipofariki, tukamzika sisi na wavuvi.

Sanamu ipo, ni nzuri, na mimi nasali pale pale. Sijamkataza mtu kuitazama. Leo mnaniambia, "Bibi, mwanamuziki huyu anampiga mkewe lakini nyimbo zake tamu, tukanunue tiketi." Mwanangu, wimbo mtamu utakufikia hata kwa dirisha la jirani, na kuusikia si kosa. Lakini pesa yako ni jasho lako. Uliza linakwenda kumnenepesha nani. Wazee walisema kizuri chajiuza. Hawakusema mnunuzi afumbe macho. Ukikataa watakuita mshamba, watakuita mwenye wivu, na pengine kitu chenyewe kitanunuliwa na wengine mbele ya macho yako. Wacha kinunuliwe. Mkono wako usiwemo.

Mungu akujalie macho ya kukiona kizuri, na akupe shingo ngumu ya kukiacha pale kilipo. Nenda na radhi zangu.