Maziwa ya Mwisho ya Kiwele

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumwachia ndama maziwa ya mwisho. Kiwele kikibaki na robo hivi, nilikuwa nasimama, naondoa ndoo, namfungulia ndama amalizie. Hakuna aliyenifundisha. Ufugaji nilijifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu na kwa kuchungulia mabanda ya watu, na hilo nililiona kuwa haki: yule ni mama yake, siwezi kumkamua mpaka tone la mwisho mtoto akiangalia. Isitoshe ndama alikuwa dume, na nilitaka anone nimuuze kwa wachinjaji sikukuu ikikaribia. Huruma na faida zilikubaliana, kwa hiyo sikuwa na cha kujiuliza.

Hofu yangu ilikuwa kwingine. Mimi ni mtu wa wasiwasi, nalisema bila aibu. Nilikuwa nanawa mikono mpaka viwiko kabla ya kukamua. Kila chuchu niliipangusa kwa kitambaa chake. Keni ya alumini niliiosha, nikaifuta, nikaiinamisha juani, kisha nikaingiza mkono kupapasa kama kuna unyevu chini. Niliogopa tone moja la maji kwenye maziwa kama wengine wanavyoogopa nyoka. Kwa hiyo mtu aelewe nilivyojisikia siku nilipoitwa mwizi wa kuongeza maji.

Ng'ombe wangu ni chotara mwekundu, na banda lake liko Kihonda kwenye kiwanja cha shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Shangazi alinipa nafasi ile kwa sharti moja tu, kwamba nisije nikamletea maneno mlangoni. Majani nilikuwa nakata upande wa milimani, pumba nanunua mashineni. Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja mwenye mgahawa wa chai na chapati barabarani. Alipochukua yeye, nyumba za jirani nazo zilichukua. Alivyosema yeye kuhusu maziwa, ndivyo mtaa ulivyosema.

Asubuhi moja nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba huku anafungua keni. Akachota kidogo kwa kijiko, akadondosha tone kwenye ukucha wa kidole gumba. Hivyo ndivyo wanavyopima kwetu: tone likisimama, maziwa mazuri, likiteleza, mabaya. Tone likateleza likaingia mpaka pembeni mwa ukucha. Akalitazama muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, maana watu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakitazama.

"Mwanangu," akasema, "huyu ng'ombe wako unamkamulia bombani?"

Benchi zima likacheka. Fundi pikipiki aliyekuwa anasubiri chapati akauliza bili ya maji inakuja kwa jina la nani, langu au la ng'ombe. Nikajieleza. Nikasema sijawahi kuongeza hata tone, nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu mbele ya wote.

"Usimwingize Mungu kwenye keni," yule mama akanijibu taratibu, akanirudishia mfuniko.

Hilo ndilo lililonichoma. Kama angenitukana ningestahimili. Lakini aliniambia kwa upole, kama mtu anayemhurumia mtoto mwongo, na kwa upole ule ule akaanza kuchukua maziwa kwa mchuuzi wa baiskeli, ambaye madumu yake yalikuwa yananuka siki toka mbali. Mtu anayekoroga maziwa na maji, kwa macho yangu nimemwona akichovya jagi kwenye ndoo ya kisima, ndiye akaaminiwa. Kwa sababu tone lake lilisimama. Alitia nini lisimame, hakuna aliyeuliza.

Majirani wakapungua mmoja mmoja. Chupa tu zikaacha kuja. Na shangazi, aliyenijua toka sijaota meno, akaniita jikoni akafunga mlango.

"Niambie mimi peke yangu," akasema. "Huwa unaongeza kidogo?"

Sikula siku ile. Nilienda kukamua nikiwa na hasira, na ng'ombe, ambaye husikia hasira ya mtu kabla hajamgusa, akabana maziwa.

Nikafanya nililoona ni la mtu msafi. Nikanunua laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa na kuonyesha kama yametiwa maji. Niliijaribu nyumbani mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kila mara ilisema hakuna maji. Nikaenda nayo mgahawani, nikajaza maziwa kwenye glasi ndefu, nikaizamisha mbele ya watu, ikaelea palepale panapotakiwa. Nikawaonyesha alama. Yule mama akainama akaangalia vizuri sana, hata nikapata tumaini.

"Hii umenunua wewe mwenyewe?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi itasemaje tofauti?"

Wakacheka tena. Niliondoka na glasi mkononi, maziwa yakinimwagikia kwenye kiatu.

Siku chache baadaye yule mama alipita kwetu kumwona shangazi kwa mambo yao ya msiba, akapitia bandani. Hakunitazama mimi. Alimtazama ndama. Dume lile lilikuwa linang'aa, shingo imejaa, manyoya utadhani yamepakwa mafuta.

"Kumbe anayekunywa maziwa ni huyu," akamwambia shangazi. "Sisi tunaletewa maji ya kuoshea ndoo."

Nikashika ufagio nikaendelea kufagia banda. Lakini maneno yale hayakunitoka kichwani, na kesho yake alfajiri, badala ya kukamua kwenye ndoo moja, nilikamua kwenye glasi tatu: maziwa ya mwanzo, ya katikati, na yale ya mwisho kabisa ambayo siku zote nilimwachia ndama. Nikaziweka juu ya tofali kwenye kivuli, nikageuza ndoo nikakaa.

Jua lilipofika kwenye paa, mafuta yalikuwa yamepanda. Kwenye glasi ya kwanza yalikuwa uzi tu. Kwenye ya tatu yalikuwa manene kama kidole, ya njano. Nikadondosha tone la glasi ya tatu kwenye ukucha wangu. Likasimama.

Sikufurahi hata kidogo. Maziwa yangu hayakuwa na maji, laktomita ilisema kweli. Na yalikuwa mepesi, ukucha wa yule mama nao ulisema kweli. Mafuta yote nilikuwa nampa ndama kwa mkono wangu mwenyewe, kisha naenda kuapa barabarani. Ningeweza kubadilisha siku ile ile. Sikubadilisha, kwa sababu niliona kitakachofuata: maziwa yakiwa mazito ghafla, kila mtu atajua kwamba kijana ameacha kuongeza maji. Kurekebisha kosa langu ilikuwa sawa na kukiri kosa ambalo si langu. Nikaendelea siku kadhaa kupeleka maziwa mepesi kwa wateja wachache waliobaki, kwa ubishi tu, huku najua.

Aliyenivunja ubishi ni shangazi. Nilimpangia glasi tatu mezani bila kueleza. Akaziangalia, akachukua kijiko, akaengua mafuta ya glasi ya tatu yote, akayatia kwenye chai yake. Akanywa. Hakuniomba radhi. Ila hakuniuliza tena lile swali, na jioni akaniambia nipeleke keni mgahawani.

Nikakamua mpaka tone la mwisho, nikapeleka. Yule mama akadondosha tone, likakaa juu ya ukucha wake kama limegandishwa.

"Umeona, mwanangu?" akasema, kwa upole ule ule. "Mtu akiacha maji, mambo yananyooka."

Nilimweleza habari ya ndama toka mwanzo mpaka mwisho, glasi moja baada ya nyingine. Alisikiliza na kutikisa kichwa. "Sawa," akasema, "ndama." Benchi likacheka, naye akaniambia kesho nimwongezee keni ya pili.

Mpaka leo nikikumbuka "sawa" ile damu inanichemka. Nilisamehewa kitu ambacho sikukifanya, na nikatakiwa kushukuru.

Siku hizi ndama ananyonya mwanzoni tu ili mama yake aachie maziwa, kisha nakamua mpaka mwisho, nachanganya yote, na yeye napimia sehemu yake kwenye ndoo. Hang'ai kama zamani. Wateja wote wamerudi, na wote wanaamini niliwahi kuongeza maji. Laktomita iko kwenye rafu ya shangazi, na sijaibeba tena kwenda kwa mtu.