Mzigo Nilioubeba Kwenye Mbio za Magari

Nichekeni tu, nimeshazoea. Nilijiandikisha mbio za magari hapa Dodoma na kiVitz changu, nikaambiwa siri ya ushindi ni wepesi. Nikang'oa viti vya nyuma, redio, hadi tairi la akiba. Nikakijaribu mpaka Kibaigwa, na mtu wa Dodoma hapiti Kibaigwa bila kununua mahindi. Nusu gunia nikalilaza kwenye shimo la tairi la akiba, nikarudishia kapeti juu, nikasahau kabisa.

Siku ya mbio nilikataa hata chai. Mke wangu nikamwambia apande bodaboda, eti uzito wake utanichelewesha.

Nikawa wa mwisho. Kila kona gari lilikuwa linaburuza makalio kama bata. Kushuka tu, nikamvaa fundi wangu mbele za watu.

"Hamisi, injini yangu umeifanya nini?"

Maskini Hamisi akakimbilia boneti. Mke wangu, aliyekuwa akiulizia mahindi tangu juzi, akaenda kwenye buti, akafunua kapeti.

"Baba Neema!" akaita, jukwaa zima likageuka. "Si mzito ni mimi? Haya mahindi je?"